"Filamu Imekwama": Uhakiki wa Vitenzi katika Maelekezo ya Kamera

Kazi ya kuunda istilahi imekuwa, kwa sehemu kubwa, kazi ya kutafuta majina. Mashine mpya inapoingia nchini, swali la kwanza kuulizwa ni sehemu zake zitaitwaje. Orodha ikishapatikana, hudhaniwa kwamba kazi imekwisha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mazoea hayo hayatoshi. Maelekezo mengi ya Kiswahili humwangusha msomaji katika vitenzi, wala si katika nomino. Mfano tutakaoutumia ni kamera ya filamu inayoendeshwa kwa mkono, na hasa matatizo ya kutia filamu, kuisogeza na kuirudisha.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tushughulike na chombo hicho wakati picha nyingi siku hizi hupigwa kwa simu. Sababu ni mbili. Kwanza, kamera hizo hazijatoweka. Pentax K1000, mathalani, ilitengenezwa tangu mwaka 1976 hadi 1997, na zaidi ya milioni tatu zilitoka kiwandani. Iliyotunzwa vizuri hufanya kazi hata leo, kwa kuwa betri yake ni ya kipima mwanga tu. Mwaka 2024 kampuni ya Ricoh ilitoa kamera mpya ya filamu, Pentax 17, ambayo filamu yake husogezwa kwa wenzo wa mkono kama katika zile za zamani. Pili, kamera ni mashine ambayo kosa lake halionekani papo hapo. Fundi cherehani akikosea kupitisha uzi, huona mara moja kwamba kitambaa hakikushonwa. Mpiga picha aliyekosea kutia filamu hujua siku ile filamu itakaposafishwa, na siku hiyo hapana la kufanya. Basi maelekezo ya kamera ni kipimo kigumu kwa mfasiri: neno lililo karibu na kweli halimsaidii msomaji.

MSOMAJI TUNAYEMWANDIKIA

Kwa ajili ya kupima maelekezo, tumjaalie msomaji aliye Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi ulioanzishwa mwaka 2012. Tunamchagua huyo kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni umbali. Mpanda ni mwisho wa tawi la reli litokalo Kaliua, lenye urefu wa kilometa 210 hivi. Mtu aliye mwisho wa reli, akiharibikiwa, hawezi kupeleka kamera yake kwa fundi wa mtaa wa pili. Karatasi ya maelekezo ndiyo fundi wake.

Sababu ya pili ni hali ya hewa. Wakati wa kiangazi vumbi huingia kila mahali, na chembe moja ya mchanga ikiganda mdomoni mwa kopo la filamu huweza kuchora mstari mmoja mrefu katika picha zote. Katika miezi ya mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, tabaka la gelatini lililo juu ya filamu huvuta unyevu, na filamu ikawa nzito kusogea. Mtumiaji wa kamera katika hali hizo hukutana na matatizo ambayo mwandishi wa kitabu cha maelekezo, aliyeketi Tokyo, huenda hakuyatia maanani.

Sababu ya tatu ni lugha. Katavi ni nchi ya Wapimbwe, Wabende, Wakonongo na wengineo, na imepokea wafugaji wa Kisukuma na pia watu waliotoka Burundi, waliokaa katika makazi ya Katumba na Mishamo tangu miaka ya 1970. Kwa wengi wao Kiswahili ni lugha ya pili au ya tatu. Msomaji wa namna hiyo hulishika neno kama lilivyoandikwa. Hana mazoea ya kukisia alichokusudia mwandishi. Mfasiri anayemwandikia hana budi kuchagua kitenzi kilicho sawasawa na tendo.

KAZI YENYEWE

Hatuwezi kukosoa maneno kabla ya kuijua kazi. Filamu inayozungumzwa hapa ina upana wa milimita 35, nayo huuzwa ikiwa imeviringwa ndani ya kopo dogo, ambalo Kodak ilianza kuliuza mwaka 1934. Kingo zake zote mbili zina matundu. Ncha yake, ambayo hapa tutaiita ulimi, hutokeza nje ya kopo. Mpiga picha huliweka kopo upande wa kushoto wa kamera, huuvuta ulimi hadi kulia, na kuuchomeka katika spuli. Kati ya kopo na spuli lipo gurudumu la meno, na meno hayo huingia katika matundu ya filamu. Kila picha ina milimita 24 kwa 36 na huchukua matundu manane. Kwa hiyo wenzo ukivutwa mara moja filamu husogea kiasi cha milimita 38.

Wenzo huo hufanya kazi mbili kwa pamoja. Husogeza filamu, na hutega kilango kinachoruhusu mwanga kuingia. Hapa Kiswahili kimejaliwa, maana wawindaji walikuwa na jozi ya vitenzi hivi kabla kamera haijajulikana: mtego hutegwa, kisha hufyatuka. Kilango cha kamera nacho hutegwa kwa wenzo na kufyatuliwa kwa kidole. Hapana haja ya kuazima neno lolote.

Filamu ikiisha, hairudi yenyewe. Mpiga picha hubonyeza kitufe kidogo, ambacho katika K1000 na kamera nyingine nyingi kipo upande wa chini, ili kuliachia gurudumu la meno. Kisha hutumia kirudishio, yaani kile kikono kilicho juu ya kopo, mpaka filamu yote iingie koponi. Hapo ndipo mlango wa nyuma ufunguliwapo.

Kazi nzima, basi, ina vitenzi sita: kutia, kunasa, kusogeza, kutega, kuachia na kurudisha. Anayevitenga hivyo sita ameshika nusu ya ufundi. Tuone sasa jinsi vinavyochanganywa.

KITENZI "KUKWAMA"

Takriban kila tatizo la filamu huelezwa kwa sentensi moja: filamu imekwama. Sentensi hiyo ni fasaha, lakini haimsaidii mtu aliyeshika kamera, kwa sababu yafunika hali tatu zilizo mbalimbali, na kila moja ina dawa yake.

Hali ya kwanza: wenzo umegoma kwa kuwa kilango kimekwisha tegwa. Hili si tatizo kamwe. Mpiga picha alivuta wenzo jana akasahau. Dawa yake ni kufyatua, na wenzo utalegea.

Hali ya pili: wenzo umegoma kwa kuwa filamu imekwisha. Kihesabio kinaonyesha 24 au 36, kwa kadiri ya urefu wa filamu. Dawa yake ni kurudisha. Mwenye kulazimisha atachana matundu, au ataichomoa filamu katika kijiti cha kopo, na ikishachomoka hakuna kirudishio kitakachoweza kuirudisha.

Hali ya tatu: wenzo umegoma katikati, kihesabio kikionyesha 10 au 15. Hapa ndipo filamu ilipozuiliwa kweli, ama kwa unyevu, ama kwa vumbi, ama kwa matundu yaliyochanika. Dawa yake ni kuacha kuvuta, kubonyeza kitufe cha kuachia, na kuirudisha filamu taratibu ili kuziokoa picha zilizokwisha pigwa. Kirudishio nacho kikigoma, kamera ifunguliwe gizani.

Mtu aliyeambiwa tu kwamba filamu imekwama atafanya jambo moja kwa hali zote tatu, na aghalabu jambo hilo ni kuvuta kwa nguvu. Katika hali ya pili na ya tatu nguvu hiyo ndiyo iharibuyo.

Lakini ubaya mkubwa wa kitenzi hiki upo katika hali ya nne, ile ambayo hakiigusi. Ulimi usiponaswa vizuri na spuli, filamu huteleza. Wenzo unavutika kwa ulaini, kilango kinafyatuka, kihesabio kinapanda moja baada ya moja. Nayo filamu imetulia koponi kama ilivyonunuliwa. Kihesabio huhesabu mivuto ya wenzo, hakihesabu filamu iliyopita. Ofisa wa wanyamapori aweza kusimama kandokando ya Mto Katuma, katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, wakati wa kiangazi viboko wanaporundikana katika madimbwi yaliyosalia, akafyatua mara 36, asipate hata picha moja. Hakuna kilichokwama, kwa hiyo hakuna kilichomshtua. Maelekezo yanayojua "kukwama" peke yake humfundisha msomaji kuogopa ugumu, kumbe katika kamera ulaini ndio wa kuogopwa zaidi.

Alama ya kuteleza ipo, nayo ni rahisi: kirudishio kilicho upande wa kushoto hakizunguki wakati wenzo wa kulia unapovutwa. Filamu ikisogea kweli, hutoka koponi, na kirudishio huzunguka pamoja nayo. Maelekezo ya Kiswahili yasiyo na sentensi hiyo moja yamekosa jambo lililo kubwa kuliko majina yote ya sehemu za kamera.

KITENZI "KUZUNGUSHA"

Kiingereza kina kitenzi kimoja ambacho kwacho saa hutiwa ufunguo, uzi huzongwa, na filamu husogezwa. Mfasiri anayefuata kamusi hupata "kuzungusha" akaridhika. Tunasema kwamba amekosea kwa sababu mbili.

Kwanza, Kiswahili hakikukusanya kazi hizo pamoja. Saa hatuizungushi; twaitia ufunguo. Uzi huzongwa, kamba husokotwa, mkeka hukunjwa. Kila kazi ina kitenzi chake kwa sababu kila moja ina matokeo yake. "Kuzungusha" hueleza mwendo wa mkono bila kusema kitu kinakwenda wapi. Wenzo wa kamera hata hauzungushwi: huvutwa sehemu ya duara tu na kuachwa urudi.

Pili, neno hilo humlazimu mfasiri kuongeza mengine ili kutofautisha pande mbili za safari. Hivyo hupatikana "zungusha mbele" na "zungusha nyuma". Lakini katika kamera neno "nyuma" lina kazi nyingine: ni ule upande wenye mlango. Mtu anayesoma "zungusha nyuma" kwa mara ya kwanza ana haki ya kuugeuza mgongo wa kamera na kuutafuta mlango. Akiufungua filamu ikiwa nje ya kopo, mwanga utaziharibu picha zote ulizozifikia.

Vitenzi "kusogeza" na "kurudisha" huondoa shaka hiyo. Filamu husogezwa kutoka koponi kwenda katika spuli, na hurudishwa kutoka katika spuli kwenda koponi. Kila kitenzi kinataja safari ya filamu, wala si mwendo wa kidole, na havifanani hata kwa mtu anayesomewa kwa sauti. Havina ugeni wowote: mtoto wa shule ya msingi anavijua.

MPANGILIO WA MANENO NI MPANGILIO WA MIKONO

Tuchukue sentensi ya mfano: "Fungua mlango wa nyuma baada ya kubonyeza kitufe cha chini na kurudisha filamu yote." Kisarufi haina kosa. Mwalimu angeipa alama zote. Hata hivyo ni sentensi ya hatari, kwa kuwa tendo la mwisho limetangulizwa. Mtu ajifunzaye kazi huwa na karatasi mkono mmoja na kamera mkono wa pili. Hulitenda neno alisomalo kabla ya kulifikia linalofuata. Kufikia "baada ya", mlango umekwisha funguliwa.

Lugha ya maelekezo haina budi kufuata mikono: "Bonyeza kitufe cha chini. Rudisha filamu mpaka kirudishio kilegee. Ndipo ufungue mlango." Neno "ndipo" ni hazina ambayo wafasiri wengi huisahau. Lasema kwa silabi chache kwamba lililotangulia ni sharti la linalofuata. Vivyo hivyo katazo lina umbo lake zuri: "usifungue kabla hujarudisha". Hapa katazo linatangulia, na kiambishi "ja" kinaonyesha jambo ambalo halijatimia bado. Sarufi yetu imekwisha tengeneza vifaa hivi. Si vema kuviacha na kushika mpangilio wa lugha nyingine.

MAJINA MACHACHE YENYE SHIDA

Hatudai kwamba nomino hazina tatizo. "Mkanda" una maana nyingi: ni wa suruali, ni wa kaseti, ni wa mashine ya kusaga, na ni wa sinema. "Filamu" nayo ni ule utepe na pia ni mchezo unaotazamwa. Lakini wingi wa maana peke yake si kosa. Reli ya Kaliua hadi Mpanda ilijengwa kwa ajili ya mgodi wa risasi, na hakuna aliyedhani kwamba kule chini ya ardhi kulichimbwa za bunduki. Muktadha hutosha pale ambapo maana mbili hazikutani katika kazi moja. Kwa hiyo "filamu" ibaki. "Mkanda" tungeuacha kwa sababu kamera yenyewe ina mkanda mwingine, ule wa kuivaa shingoni, na hapo maana mbili zinakutana.

Maneno mawili yanahitaji tahadhari zaidi. La kwanza ni "kusafisha". Wapiga picha husema filamu "inasafishwa", yaani inatiwa dawa ili picha zitokee. Neno limekwisha kuenea na halina haja ya kufukuzwa. Lakini karatasi ya maelekezo hutaja pia kusafisha lenzi na kusafisha vumbi ndani ya kamera. Hapo yafaa kusema "kufuta vumbi", ili ofisa mpya asije akaipangusa filamu kwa kitambaa akidhani ametii agizo.

La pili ni "giza". Filamu ikichomoka koponi, hufunguliwa gizani. Hivyo ndivyo maelekezo yasemavyo. Lakini "chumba cha giza" cha wapiga picha aghalabu huwa na taa nyekundu, na taa hiyo inafaa kwa karatasi ya kuchapia picha nyeusi na nyeupe tu. Filamu za kawaida, za rangi na za nyeusi na nyeupe, huharibiwa nayo. Kiswahili kinatofautisha vizuri: lipo giza, na lipo giza totoro. Mfasiri asione kwamba "totoro" ni pambo la washairi. Katika sentensi hii ni istilahi ya kiufundi, na kuiacha ni kuharibu filamu.

MAELEKEZO YALIYOPENDEKEZWA

Kukosoa bila kutoa mfano ni kazi nusu. Haya ndiyo maelekezo ambayo tungependa yapimwe:

1. Tia kopo upande wa kushoto. Vuta ulimi na uuchomeke katika spuli.

2. Vuta wenzo taratibu. Hakikisha spuli imeunasa ulimi na meno yameingia katika matundu ya kingo zote mbili. Ndipo ufunge mlango.

3. Kaza filamu kwa kugeuza kirudishio kidogo kufuata mshale, mpaka uone kinagoma. Usilazimishe.

4. Fyatua, kisha vuta wenzo. Kirudishio kikizunguka, filamu inasogea. Kisipozunguka, filamu inateleza: fungua mlango, uanze tena.

5. Wenzo ukigoma, fyatua kwanza. Ukigoma bado, tazama kihesabio. Kikiwa mwisho, filamu imekwisha. Kikiwa katikati, filamu imezuiliwa. Katika hali zote mbili usivute tena. Fuata namba 6.

6. Bonyeza kitufe cha chini. Rudisha filamu taratibu mpaka kirudishio kilegee. Ndipo ufungue mlango.

7. Kirudishio kikigoma hata baada ya kubonyeza kitufe, au kikizunguka kwa ulaini tangu mwanzo ilhali filamu ilikuwa inasogea, huenda filamu imechanika au imechomoka. Usifungue mlango kabla hujaingia katika giza totoro.

Msomaji ataona kwamba majina ya sehemu ni machache, na mengi ni ya siku zote. Kazi imefanywa na vitenzi: kutia, kunasa, kukaza, kusogea, kuteleza, kugoma, kuzuiliwa, kurudisha, kulegea, kuchomoka. Kitenzi "kukwama" hakikuhitajika hata mara moja.

HITIMISHO

Yatokanayo na uhakiki huu hayaihusu kamera peke yake. Pampu ya maji, cherehani, baiskeli, mashine ya kusaga, zote zina maelekezo, na zote zina neno moja pana linalofunika hali nyingi. Twapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila orodha ya istilahi za mashine iwe na sehemu ya vitenzi, tena vitenzi vya kuharibika pamoja na vya kutengenea, kwa maana msomaji huyatafuta maelekezo siku ya tatizo. Pili, kabla ya kuunda neno jipya, waulizwe wenye kazi: mafundi, wavuvi, wawindaji na washonaji, ambao vitenzi vyao vimepimwa kwa mikono. Tatu, maelekezo yasihesabiwe kuwa sanifu mpaka mtu asiyeijua mashine asomewe kwa sauti na kutenda kila neno kama alivyolisikia, akiwa ametiliwa filamu isiyo na thamani. Akifungua mlango kabla ya wakati, lawama ni ya mwandishi.